Kazi ya Bi Mwatima

Nikisema shangazi yangu Bi Mwatima alizalisha nusu ya watu wa Nungwi, napunguza. Mimi mwenyewe alinipokea yeye, na hachoki kunikumbusha kuwa nilitoka nikilalama na sijanyamaza mpaka leo.

Mwaka 1967, mwaka wa tatu tangu Mapinduzi na Muungano, Serikali ilitaka kujua ina watu wangapi na wanafanya nini. Tukaletewa karani wa sensa kutoka mjini, Masoud, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na haraka nyingi. Alianzia nyumbani kwa shangazi.

"Kazi yako, Bi?"

"Mkunga."

"Unalipwa mshahara?"

"Napewa kuku, napewa nazi. Siku nyengine dua."

Masoud akaandika: hana kazi. Shangazi hakujua kusoma, ila mimi nilichungulia, nikamwambia. Alihamaki hata ushungi ukamwanguka. Miaka thelathini anaipokelea nchi watu wake, leo nchi inamwandika hana kazi! Iliniuma na mimi.

Nyumba ya pili, Mwanapili aliulizwa ana watoto wangapi. Akajibu wawili, ilhali wanne wengine walikuwa wakichungulia mlangoni.

"Unaidanganya Serikali!" Masoud akafoka.

Mwanapili akafunga mlango, na mtaa mzima ukafunga baada yake. Adhuhuri karani akarudi kwa shangazi, amenywea.

"Shikamoo, Bi. Watu wamenifungia."

"Marahaba. Kwetu mama hamtajii mgeni idadi ya wanawe, anaogopa kijicho. We uliza majina, na kila jina useme mashaallah. Kuhesabu, hesabu mwenyewe. Haya inuka, nnakwenda nawe."

Milango ikafunguka. Watoto walitajwa mpaka kalamu ya kwanza ikaisha wino. Mama akimruka mmoja, shangazi humuuliza, "Na Jaku je, yule aliyetanguliza miguu?" Nilitembea nyuma yao kichwa kimenivimba, maana hesabu ya taifa ilikuwa ikitoka kinywani mwa shangazi yangu.

Walipomaliza, Masoud alikaa barazani kwetu, akaitafuta karatasi ya shangazi bila kuambiwa na mtu. Akakata alichokiandika asubuhi, akaandika upya.

"Soma," shangazi akasema.

"Mwatima binti Mmanga. Kazi yake, mkunga."

"Soma tena. Kwa sauti, majirani wasikie."