Risasi Niliyoichagua kwa Haya

Kuna asubuhi moja pale Ruiri ambayo haijawahi kunitoka, Mwanangu, na jana ulipokaa hapa ukinionyesha picha za risasi kwenye simu yako, ilinirudia yote nzima nzima.

Najua wewe ni mjukuu, Mwenda, lakini mimi na nyanya yako ndio tuliokulea, kwa hiyo Mwanangu nitakuita mpaka nizikwe. Umepata kazi Tanzania, kwa kampuni inayowaongoza wageni kwenda kuwinda. Hapa kwetu uwindaji ulifungwa zamani, nikiwa bado kijana, ndiyo maana wenzako pale Makutano hawaamini ukiwaambia babu yako aliwahi kubeba bunduki kubwa. Wakiona ninavyotembea na hii fimbo, siwalaumu.

Uliniuliza, "Babu, kati ya hizi, ni gani iko sawa kwa nyati?" Ukanionyesha ya shaba tupu mwanzo hadi mwisho. Ukanionyesha nyingine ambayo ganda lake limeshikanishwa na kiini ili isisambaratike ikigonga mfupa. Ukanionyesha na ile ya pua ngumu. Mimi nikajibu neno moja tu, "Ngumu," kisha nikainuka nikaenda kuangalia ng'ombe. Ulidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilijua jibu langu ni nusu, na nusu iliyobaki nilishindwa kuitoa mbele yako. Leo nimejikaza, kwa hiyo weka hiyo simu kando unisikilize.

Siku zetu hakukuwa na haya majina marefu. Tulikuwa na laini na ngumu, basi. Laini inaingia mwilini pua yake inafunguka, na kwa pongo au kuro ni risasi nzuri sana, mnyama anaanguka hapo hapo. Lakini bega la nyati ni kitu kingine. Laini za wakati ule zikigonga ule mfupa zinavunjika vipande, zinamtia jeraha la hasira, na yeye anaondoka nalo. Ngumu haifunguki. Inakwenda moja kwa moja, inapasua mfupa, inafika moyoni, na mara nyingine inatokea upande wa pili bado ina nguvu. Chochote kilichosimama nyuma ya nyati kinaipata.

Hayo yote niliyajua. Mtu asikudanganye kwamba babu yako alikuwa mjinga. Nilifundishwa na idara ya wanyama, nikafuzu, nikapewa bunduki na kurudishwa huku kwetu kushughulikia wanyama waliokuwa wakiharibu mashamba. Nilikuwa kijana mwembamba wa kaptura iliyopigwa pasi, na nilijiona mtu wa maana sana.

Msaidizi wangu alikuwa Kirimi. Tulitahiriwa pamoja, mimi na yeye, tukauguza vidonda kwenye kibanda kimoja, na wewe unajua kwetu hilo ni undugu unaopita wa kuzaliwa tumbo moja. Nilipopata kazi nilimwombea naye akaajiriwa kunibebea maji na risasi za akiba. Alikuwa mtu wa kucheka. Kila nikinyoosha kaptura yangu aliniuliza kama nyati wa leo ni binti wa nani. Nilimpenda Kirimi, Mwanangu. Ninasema hivyo waziwazi kwa sababu wakati akiwa hai sikumwambia.

Asubuhi hiyo tuliitwa kwa kina Kanana. Naam, huyo huyo nyanya yako anayekukatalia sukari ya tatu kwenye chai. Wakati huo alikuwa msichana ninayemtafuta kwa nguvu zangu zote, na wazee wetu walikuwa wamekubaliana kwenda kwao kuanza mazungumzo. Nyati dume, mzee, mwenye pembe nzito, alikuwa ameingia katika mahindi yao akakataa kutoka. Alikwishamkanyaga mbwa, na watoto hawakuwa wameweza kwenda shule kwa sababu njia ilipita hapo.

Tulipofika, watu wa upande ule wote walikuwa wamejaa pembeni mwa shamba. Ndivyo walivyofanya siku zote. Mnyama akiingia shambani, wanaume wanapiga kelele upande huu, wanawake wanapiga madebe upande ule, ili atafute njia ya kutokea. Kwa tumbili inafaa. Kwa nyati na bunduki ni hatari tupu, na kazi ya kwanza ya mwenye bunduki ni kuwaondoa watu. Nilifundishwa hivyo kabla hata sijafundishwa kulenga.

Nyati nilimwona vizuri. Alisimama akinipa ubavu, bega wazi, akitafuna mahindi ya wenyewe kama aliyeyapanda. Nikaingiza ngumu, nikainua bunduki. Na nyuma yake kabisa, ng'ambo ya mistari michache ya mahindi, nikawaona wanawake wakipiga madebe, na aliyetangulia mbele yao ni mama yake Kanana.

Nyinyi wa leo mnapiga picha na mama mkwe mmekumbatiana, na sisemi ni vibaya. Wakati wetu kulikuwa na nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya. Mama wa msichana unayetaka kumwoa hukumkazia macho. Ukikutana naye njiani ulimpisha, ukapita pembeni ukiangalia chini. Humwiti, humwamrishi, na kumpigia kelele mbele ya kijiji kizima ni kama kumvua nguo. Na mimi kabla hata ya kupeleka mbuzi wa kwanza nisimame shambani kwake nimfokee, "Wewe mama, toka hapo"?

Kirimi aliona ninachokiona. Alinisogelea, akanong'ona, "Nizunguke niwaambie wale wamama watoke?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia, Mwanangu. Ningetikisa kichwa tu. Angezunguka kwa chini, kwenye mtaro, nyati angeendelea kutafuna, au hata angeondoka zake, na tungemfuata siku nyingine. Lakini niliona watu wananitazama. Nilitaka nyati aanguke pale pale, mbele ya mama yake Kanana, naye mama apeleke habari nyumbani kwamba binti yake ametakwa na mwanamume. Na niliona haya pia kwamba Kirimi amegundua ninamwogopa mama wa watu.

Nikamwambia, "Wacha tu. Naweka hii laini, haiwezi kupita ikawafikia."

Nikaitoa ngumu, nikaweka laini. Nilijiambia nimefanya jambo la busara. Nimewalinda wanawake, nimeilinda heshima, na nyati nitamwangusha. Risasi ilifanya kile nilichofundishwa kwamba ingefanya. Ilimgonga begani, nikasikia ule mlio wa risasi ikigonga mfupa, akapiga magoti, watu wakashangilia. Kisha akainuka. Alitokea upande wa wanaume, wakatawanyika bila kuumia hata mmoja, naye akaingia kwenye vichaka vya miiba chini ya shamba akiburuta mguu.

Aliyejeruhi ndiye anayefuata. Hiyo ni sheria ya wawindaji popote, na hata huko uendako utaikuta. Nilijaza ngumu, sasa ikiwa imechelewa. Nikamwambia Kirimi abaki. Alishika panga lake akaingia nami, kwa sababu watu waliotahiriwa pamoja hawaachani mlangoni. Nilijua hatabaki nilipokuwa nikimwambia. Nilichagua risasi kwa ajili yangu, naye akaja kuilipia.

Tulifuata damu taratibu. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii mbali. Anazunguka, anarudi kando ya njia yake mwenyewe, anasimama kimya na kukungoja upite. Alitutokea ubavuni, upande wa Kirimi. Nilimpiga kwa ngumu akafa pale pale, na ile ngumu ilipita kifua kizima kama nilivyofundishwa. Lakini alikuwa amekwisha kufika. Pembe ilimchana Kirimi paja lote hadi kiunoni. Tulimbeba kwa blanketi hadi barabarani, tukapata lori la viazi lililokuwa likielekea Meru. Njiani aliniomba maji, akanywa, akaniuliza kama nyati ameanguka. Nikamwambia ameanguka. Akasema vizuri. Hatukufika hospitalini na yeye akiwa hai.

Sikuweza kulia siku ile. Nililia baadaye, miaka mingi, na bado nalia nikiwa peke yangu huko kwenye ng'ombe.

Baba yake Kirimi aliniuliza mbele ya wazee ilikuwaje nyati mmoja akahitaji risasi mbili. Nikasimulia yote kama nilivyokusimulia wewe, hata habari ya mama yake Kanana. Mzee mmoja akasema haya ni mambo ya Mungu, mwingine akasema kijana alionyesha heshima. Walitaka kunifariji, nami faraja yao ilinichoma kuliko matusi.

Baada ya mazishi nilikuwa nimekaa nyuma ya ghala, pale kwa kina Kirimi, sitaki kuonana na mtu. Nikaona mama yake Kanana anakuja moja kwa moja kwangu. Nikasimama haraka nimpishe, macho chini, kama desturi ilivyotaka.

"Kaa," aliniambia.

Nikakaa. Alisimama karibu kuliko alivyowahi kusimama, na hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Akasema, "Nimesikia uliona haya kuniambia. Mimi nina miguu. Ungeniambia nitoke, ningetoka."

Akaondoka. Hakulirudia tena neno lile hadi alipofariki. Alinipa binti yake, nikala chakula chake miaka yote ile, naye alinitendea wema kama mtoto wake. Lakini hayo maneno, Mwanangu, hayajanyamaza.

Sasa nirudi kwa risasi zako. Ulipoziweka mbele yangu jana, moyo wangu ulikimbilia mahali pabaya. Niliona ile iliyoshikanishwa, ambayo hata kwa bega la nyati haivunjiki, nikawaza kwamba kama tungekuwa na laini ya namna hiyo, Kirimi angekuwa mzee leo, tungekuwa tunabishana hapa juu ya miraa ya Mikinduri. Nikiwa zizini nikafikiri tena, nikaona najidanganya. Risasi isiyovunjika ingempasua yule nyati na pengine ikampata mama yule na debe lake mkononi. Hakuna kiwanda kilichotengeneza risasi ambayo ingenitoa katika ile aibu. Risasi niliyoihitaji nilikuwa nayo kwenye bunduki, nikaitoa kwa mkono wangu.

Kwa hiyo jibu langu zima ni hili. Kwa nyati usibahatishe. Chukua risasi nzito iliyotengenezwa ishikamane mpaka mwisho, na baada yake weka ngumu. Ijaribu kwanza kwenye bunduki yako mwenyewe, kwa kuwa bunduki mbili hazipendi chakula kimoja. Zile nyepesi za swala waachie swala. Bei isikutishe wala isikuvutie. Ukikosa risasi inayofaa, mwache mnyama aende, mgeni anune akitaka.

Na chagua risasi kwa kumwangalia mnyama, si kwa kuwaangalia watu waliosimama. Kama mtu yuko mahali asipopaswa kuwa, mwondoe. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Awe bosi wako, awe mgeni aliyelipa, awe mzee wa kuweza kukuzaa, awe mama wa msichana unayempenda. Atanuna siku moja kisha atapoa. Huko utakutana na watu wakubwa kuliko wewe, wenye sauti, na umelelewa vizuri kiasi kwamba utaona ni vigumu kuwakatiza. Sisi ndio tuliokulea hivyo, na hapo ndipo ninapokuogopea. Heshima yetu sikwambii uitupe. Nakwambia tu kwamba mtu mzima akiambiwa kuna hatari, ana miguu, atatoka.

Sasa sogea hapa, usione kinyaa. Babu zetu walimbariki mtoto kwa kumtemea mate kidogo kifuani, nami nimeombea kanisani pia, kwa hiyo umepata kote. Mungu akutangulie njiani na akurudishe. Akupe jicho jema na mkono usiotetemeka. Uzeeke na wenzako ulioanza nao, wote, mkae pamoja mkibishana, na pasiwepo kati yenu kiti cha mtu ambaye ungeweza kumwokoa kwa neno moja.