Mpishi Aliyefutwa Kwenye Kanda

Anayewajibika kwa jambo hili ni Bwana Leonidas Kamkuru, aliyekuwa katibu wa utamaduni wa umoja wetu wa wasemaji wa Kiswahili hapa Stockholm. Namtaja mwanzoni kabisa, mwanangu, ili usisome hadi mwisho ukidhani kwamba kosa lilijifanya lenyewe. Nimeitumikia masjala ya ofisi ya umma kule Sundbyberg hadi kustaafu, na nimesoma taarifa nyingi mno ambamo mambo “yalitokea” na hakuna aliyeyatenda.

Jumapili kosa hilo lilipotendeka bado naiona mbele ya macho yangu. Ilikuwa miaka ya themanini, nami kijana, wakati deki za video zilipoanza kuingia majumbani mwetu. Kila Jumapili umoja ulikutana katika ukumbi wa chini ya ghorofa moja mtaani Hjulsta, wanawake wakileta maandazi, wanaume wakileta hoja. Tulikuwa Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake, na watoto wetu walitujibu kwa Kiswidi hata tulipowauliza kama wameshiba. Ndiyo maana tulipenda filamu bubu za kuchekesha. Mle hapakuwa na lugha ya kumwacha mtu nje.

Msimulizi wetu alikuwa Mwalimu Yokana Odongo, mzee aliyekuwa mwalimu mkuu Uganda kabla ya kukimbia. Alisimama kando ya televisheni na kuisimulia picha kwa sauti, kama alivyofanya msimulizi wa gari la sinema lililopita shuleni kwao alipokuwa kijana. Filamu aliyoipenda kuliko zote, aliyoiona mara ya kwanza kwenye gari hilohilo, ilikuwa fupi: mteja mnene anaingia mgahawani, anamdharau kila mtu, na mwishowe bakuli la uji wa maziwa linamfunika kichwa.

“Ngojeni,” Mwalimu aliwaambia watoto. “Sasa anakuja mpishi. Mtu mweusi kama mimi na wewe, kofia nyeupe, hana haraka. Yeye ndiye atakayemvika huyu bwana bakuli.”

Mpishi hakuja. Katika kanda ya umoja, aliyoinunua Bwana Kamkuru, bakuli lilikuwa mezani, picha ikaruka kidogo, na bakuli likawa kichwani. Watoto wakapiga kelele. “Mwalimu, mpishi wako amekwenda likizo?” Wiki iliyofuata wakamuuliza kama mpishi amekosa treni. Mjukuu wake, Akello, ambaye alikuwa bado shule ya msingi, aliona aibu hata akawaambia wenzake kwa Kiswidi, babu yake akisikia: “Farfar hittar på.” Babu anatunga tu.

Mwanangu, elewa uzito wa neno hilo. Mzee yule alikuwa amepoteza nyumba, shule na makaburi ya wazazi wake. Vyote alivyombakizia mtoto yule vilikuwa masimulizi: mto wa kwao, kengele ya shule, jina la bibi yake. Kama mpishi ni wa kutunga, basi na mto ni wa kutunga. Mwalimu alilijua hilo kabla yetu sote. Akaacha kuja.

Nikaanza kutafuta. Nilipata fununu za mtu mmoja wa kitongoji cha Tumba, Mswidi mstaafu aliyewahi kuendesha mitambo ya sinema, ambaye alikuwa na toleo lingine la filamu ileile kwenye kanda ya video. Aliniazima kwa sharti kwamba nisiichezee. Tena alikuwa amekivunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda, ambacho kikiwepo deki inarekodi na kikivunjwa inakataa. Alitaka picha ile isifutike.

Tulikutana ukumbini Jumamosi mchana: Mwalimu, Bwana Kamkuru na mimi. Tukaweka televisheni mbili bega kwa bega, kila moja na deki yake, tukaziwasha pamoja. Tofauti zilionekana upesi. Toleo la umoja lilikuwa angavu, lina piano, lina maandishi ya Kiswidi, ila watu walikimbia kama siafu waliomwagiwa maji, na kingo za picha zilikatwa hata miguu haikuonekana. Toleo la Tumba lilikuwa kimya kabisa, limejaa michirizi, lakini watu walitembea kama watu.

“Mimi naona letu ni safi zaidi,” nilisema.

“Kijana,” alijibu Mwalimu bila kunitazama, “wewe unakagua sahani kama imeoshwa. Mimi nauliza nani ameondolewa mezani.”

Hapo mlango wa jiko ukafunguka katika televisheni ya pili. Akatoka mpishi mweusi, kofia nyeupe, hana haraka. Mteja akamtupia kitambaa usoni. Mpishi akakikunja vizuri, akakiweka mezani, akalichukua bakuli kwa mikono miwili kama anayemvika mfalme taji, akamfunika nalo. Katika televisheni ya kwanza mteja alikuwa amekwishalowa zamani, peke yake, kana kwamba amejimwagia mwenyewe.

“Ndiye huyo!” Mwalimu alisimama. “Ndiye! Hata kitambaa nilikisahau!” Alicheka huku akifuta macho. “Bwana Katibu, umeona?”

“Nimeona, Mwalimu,” alisema Bwana Kamkuru. “Kesho na watoto wataona.” Akaichukua kanda ya Tumba, akisema ni wajibu wa ofisi yake kuitunza.

Sikiliza sasa. Jioni ileile alikuwa na sherehe ya kumposea mpwa wake. Kanda tupu zilimwishia. Akachukua kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika pale kijino kilipovunjwa, na deki ikakubali kurekodi.

Siku ya pili Mwalimu alikuja amevaa suti na tai, amemshika Akello mkono. Akawakalisha watoto mbele. “Leo mpishi amerudi kutoka likizo,” aliwaambia, nao wakacheka, naye akacheka nao. Kanda ikawekwa. Tukasikia vigelegele, tukaona sinia la pilau, na Bwana Kamkuru mwenyewe akitoa hotuba. Tukaisogeza mbele. Hotuba iliendelea.

“Mais non!” alimaka kwa Kifaransa Mama Beatrisi, jirani yetu Mkongo. “Baba, umefanya nini?”

“Kanda ni kanda, mama,” alijibu. “Filamu ya zamani vile, ataitafuta nani?”

Hilo ningeweza kulisamehe. Watu wengi wa miaka ile walirekodi harusi juu ya mazishi, na mazishi juu ya mpira. Nisiloweza kulisamehe ni lililofuata. Akello alisimama akamwuliza, kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo: “Mjomba, wewe ulimwona mpishi?”

 Nami nilisema kwa sauti kwamba tulimwona, sote watatu. Lakini mtoto hakuniuliza mimi; mimi nilijulikana kuwa rafiki wa babu yake. Alimwuliza mtu wa cheo, asiye na sababu ya kumpendelea babu. Bwana Kamkuru alimtazama Mwalimu, akatazama watu, akasema: “Sikumbuki vizuri.”

 Mwalimu alimvalisha mjukuu wake koti, akafunga kifungo kimoja kimoja, wakaondoka. Kwenye mhtasari wa mkutano pakaandikwa kwamba maonyesho hayakufanyika kwa hitilafu ya mitambo. Mzee alifariki kabla ya majira ya baridi kuisha, na tangu Jumapili ile hadi kufa hakumsimulia mtoto yule kitu kingine cha Uganda. Akello mwenyewe ndiye aliyeniambia, akiwa mtu mzima. Alisema hakumbuki jina la ule mto.

Mwanangu, ukiletewa matoleo mawili ya jambo moja, usianze kwa kuuliza lipi linang’aa. Tazama pale picha inaporuka, kwa maana hapo pana mtu ametolewa. Na ukiwa umeona kwa macho yako, na mwenye kuhitaji neno lako akakuuliza, mjibu saa ileile, mbele ya walewale waliocheka. Jibu la baadaye humkuta mzee kaburini. Mungu akupe macho yasiyorubuniwa na wangavu, akupe na wajukuu watakaokuamini ukiwasimulia ulikotoka.

Nimearifiwa kwamba umoja unajiandaa kumtunuku Bwana Kamkuru heshima ya mlezi wa utamaduni. Kwa hiyo, kwa waraka huu, naudai umoja rasmi, kama mwanachama na shahidi: kabla ya heshima hiyo kutolewa, asimame mbele ya mkutano, Akello binti Odongo akiwepo, atamke kwamba mpishi alikuwepo, kwamba yeye alimwona, na kwamba ni yeye aliyemfuta. Mhtasari ule usahihishwe, neno “hitilafu” liondolewe, na mahali pake liandikwe jina lake.