Ndimi Nyeupe Katika Kundi la Chori

Shemeji yangu Chori alichunga kondoo wa karakuli, wale wa ngozi za kofia, nje ya mji wa Bukhara miaka arobaini na mmoja, na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Mtaalamu tuliletewa: Bahrom, kijana wa shahada, viatu vinang'aa hata zizini.

Ngozi ya kijivu ndiyo iliyopendwa mjini, lakini wazee wetu hawakupandisha kijivu kwa kijivu. Siku zote mzazi mmoja alikuwa mweusi. Bahrom akacheka.

"Mzee Chori, kijivu ni sifa tawala, weusi ni sifa fiche. Tukikutanisha kijivu kwa kijivu, weusi watashuka kutoka nusu hadi robo. Sayansi hiyo!"

"Na wenye ndimi nyeupe, mwanangu, wamo kwenye sayansi yako?"

"Ndimi! Kwani wewe unachunga kondoo au unawatibu makoo?"

Basi ikafanywa kisomi. Wakazaliwa wanakondoo thelathini na wanane. Tisa walikuwa weupeweupe, ndimi kama maziwa. Bahrom akashangilia, akaamuru hao ndio watunzwe wawe mbegu. Chori akawatoboa sikio wote tisa, akaniambia, "Shemeji, hawa ni wa maziwa tu. Wakianza majani, kwisha."

Wakaanza majani. Matumbo yakavimba, wakafa wote. Na kwa kuwa shahada haikosei, aliyekosea ni mchungaji: barua ikaja kwamba Chori anyang'anywe kundi kwa uzembe.

Siku ya kikao alikuja na gunia, akamwaga masikio tisa mbele ya meneja wa shamba, mama Zulfiya.

"Yote yana tundu nililotoboa wakiwa bado wananyonya. Ishirini na tisa wasio na tundu wako malishoni, wazima. Mama, huo uzembe wangu ulikuwa unachagua?"

Meneja akamgeukia Bahrom. "Mwana akirithi jeni ya kijivu kwa baba, na kwa mama pia, anakuwaje?"

Bahrom akafunua kitabu chake, pengine kwa mara ya kwanza. Masikio yakamwiva.

"Hu... hufa."

"Wangapi?"

"Kama robo."

"Robo ya thelathini na wanane?"

Mimi niliyeishia darasa la nne nikajibu kutoka mlangoni, "Tisa na miguu miwili!"

Barua ikachanwa palepale. Bahrom hakufukuzwa, wasomi hawafukuzwi. Vuli ikatoka amri yenye sahihi yake, "Mbinu Mpya ya Kitaalamu": kijivu wapandishwe kwa weusi tu. Chori akasomewa, akaitikia kwa adabu, akaenda kuwafungulia madume meusi.