Kuli wa Katandala anayeshika kichwa ili aeleweke

Saa mbili asubuhi, baridi ya Ufipa bado inauma masikio, na Leonsi Mathias ameshafika gunia la kumi na moja. Anainama nyuma ya lori, wenzake wawili wanamtwisha mahindi kilo mia kisogoni, naye anasukuma shingo mbele na kuingia nayo ghalani, hapa Katandala mjini Sumbawanga.

"La kumi na moja," anamwambia karani. Karani haelewi. Anarudia. Karani anawageukia vijana na kuuliza, "Huyu mzee kaanza kunywa saa hizi?"

Vijana wanacheka. Mimi nashindwa, maana Leonsi, mwenye miaka 54, hajawahi kuonja pombe.

Makuli wa ghala hili hubeba kisogoni, si begani. Ndivyo alivyofundishwa alipotoka kijijini Msanzi akiwa na miaka 23, na aliyehamishia mzigo begani alionekana legelege. Sasa shingo imebaki mbele hata akiwa mikono mitupu, kidevu kinakaribia kifua.

Mwaka jana ugali ulianza kumkwama. Kisha maneno yakalegea.

"Najua ninachotaka kusema. Ulimi ndio unabaki nyuma," anasema. Ili nimwelewe, anakandamiza kiganja kwenye paji la uso na kurudisha kichwa mahali pake. Mkono ukichoka, maneno yanaharibika tena.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia ataje majina ya wanawe. Yakatoka safi. Mkewe, Rozina, akaangua kilio palepale.

"Nilidhani kapona," ananiambia. "Kumbe ni mikono ya yule dada tu."

Wakaelezwa kwamba misuli ya ulimi imeshikana na ya koo na taya. Shingo ikikaa mbele muda mrefu, ulimi nao unavutwa na kuchoka. Afanye mazoezi, na aache mizigo. Aache mizigo ale nini? Kila gunia ni shilingi 300, na kazi nyingine hana. Anabeba mpaka leo.

Kilichomvunja moyo kabisa kilikuja na wageni. Mwezi Juni wazazi wa Lugano, mtumishi wa halmashauri aliyemchumbia Victoria, binti wa Leonsi na Rozina, walifika kutoka Mbeya. Ni walokole. Leonsi alitoka ghalani moja kwa moja, akasimama kuwakaribisha, maneno yakamtoka kama ya mlevi. Mama wa Lugano akaweka chini kikombe cha chai na hakukigusa tena. Victoria aliwaeleza. Hawakuamini.

"Wamekubali kumchukua mwanangu kwa huruma tu, kwamba baba yake ni mlevi," Leonsi anasema. Machozi yanamtiririka wala hajifuti.

Jumamosi ijayo wanamuaga Victoria, na baba ndiye anayetoa maneno ya kumkabidhi binti. Mdogo wa Leonsi, Isdori, amejitolea kumsemea. Leonsi amekataa. Atakaa kwenye kiti, na Rozina atasimama nyuma yake amshike kichwa mbele ya ukumbi mzima.

"Watacheka, baba Victoria," Rozina anamwambia.

"Wacheke, ila wanisikie. Nimwambie mwanangu maneno yake vizuri, hiyo mara moja," anajibu. "Jumatatu narudi kubeba. Ulimi ukinikatalia baada ya hapo, basi."