Mgeni Aliyekataa Kuitika Msituni Kisarawe

Asubuhi ile niliondoka nyumbani Visiga nimenuna. Nasomea kuongoza watalii chuo kimoja hapa Kibaha, na siku hiyo tulikuwa na mtihani wa vitendo Kisarawe: uwaingize wageni msituni, uwaeleze unachokijua, uwatoe wote. Baba Nasri, mume wangu, alinisubiri mlangoni. "Ukifeli mtihani huu, chuo basi. Ukae ulee mtoto." Kama vile mtoto nilimzaa peke yangu! Nilimnyonyesha Nasri, nikamkabidhi kwa mama mkwe, nikatoka bila kuaga. Hasira ile ilinisaidia kuficha jambo moja: mimi msitu nauogopa. Nauogopa kweli, hasa nyoka.

Maili Moja tulipanda kosta ya chuo. Hadi Kiluvya nilikuwa sawa. Tulipoiacha barabara ya Morogoro na kukata kuelekea Kisarawe, miti ikaanza kusogea karibu na dirisha, nikafumba macho. Mwalimu Mushi, msimamizi wetu, alisimama mbele akasema, "Atakayempoteza mgeni asinisogelee. Amefeli." Wenzangu walicheka. Mimi nilirudia moyoni majina ya miti.

Kisarawe tulifika jua halijawa kali. Wageni wetu walikuwa wanakijiji waliokubali kuwa watalii wa siku moja. Mimi nilipewa mume na mke kutoka Mzenga, Mzee Pazi na Bi Tatu.

"Shikamooni."

"Marahaba," akaitikia mzee. "Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi, ila nimezaliwa Visiga."

"Alaa! Mke wangu, leo sisi Wazaramo tunaongozwa na mtani! Babu yake alibeba mizigo ya watu mpaka Pwani, akachoka kurudi."

"Na nyinyi mkampokea kwa ngoma," nikamjibu, "shamba mkaliacha linaota majani." Bi Tatu alicheka mpaka akashika kiuno. Nikapata nguvu kidogo, tukaingia.

Ndani ya msitu kulikuwa na ubaridi na giza la majani. Nilitangulia na fimbo, nikitaja miti kama nilivyokariri, macho yote chini. Kila mzizi niliuona nyoka. Mwalimu Mushi alikuwa nyuma kabisa, anaandika. Tulipofika kwenye kijito nikageuka. Bi Tatu yupo. Mwalimu yupo. Mzee Pazi hayupo.

"Mzee Pazi!" niliita. Kimya. "Mzee Pazi! Mzee Paziii!" Chuoni tumefundishwa hivyo, mgeni akipotea mwite jina lake, kwa sauti. Nilimwita mpaka koo likakauka. Nikamwona akilini ameanguka, ameumwa, anakufa peke yake kwa sababu yangu. Maziwa yakanivuja yakalowesha sare, nami naona kabisa Mwalimu Mushi anatazama saa yake. Nikamgeukia Bi Tatu, nikamfokea bila adabu.

"Bibi, mumeo hasikii?"

"Anasikia sana."

"Sasa mbona haitiki?"

"Ataitikaje, mwanangu? Ukiitwa jina msituni na anayekuita humwoni, huitiki. Unajuaje ni mtu? Hata mimi nisingeitika. Na ukiendelea kumwita ndiyo atazidi kujibanza."

"Basi mwite wewe!"

"Sauti yangu ndiyo ataiogopa zaidi. Hicho kitu kinachoita watu msituni si kinaiga sauti?"

Jina halifai, sauti ya mkewe haifai. Kitu gani kisichoweza kuigwa? Nikapiga kelele, "Wewe Mzaramo mvivu! Umejificha tusikupe jembe? Ngoma imeanza huku, toka!"

Kutoka vichakani, karibu tu, mzee akajibu, "Mnyamwezi ana ngoma gani? Si mnacheza na nyoka!"

"Njoo basi tukufundishe!"

"Thubutu!" Akatokea na mabungo kwenye kofia. Aliyaona yameiva, akachepuka. "Nikasikia naitwa Pazi, Pazi. Nikachutama," alisema. "Niliposikia natukanwa nikajua huyu ni mtu. Mtani wangu kabisa."

Nilikaa chini nikalia. Kwa hasira, si kwa furaha.

Mwalimu Mushi alikuja. "Umempoteza."

"Nimempata pia. Andika yote mawili."

"Na akiwa mgeni wa kutoka nje, utamtania?"

"Nitamuuliza kabla hatujaingia." Aliniambia nianze upya, njia ile ile, sasa hivi. Nilirudi mwanzo wa njia, nikapita penye kijito kile, mzee akiwa mbele yangu ninapomwona. Tulipotoka aliandika neno moja: amefaulu.

Jioni Visiga, Baba Nasri aliuliza, "Imekuwaje?" Nikamwambia nimefaulu, nikamchukua mwanangu. Akaenda kunichotea maji ya kuoga. Bado nina hasira naye.

Na msitu bado nauogopa, nisiwadanganye. Lakini sasa nina swali moja ninalomuuliza kila mgeni kabla hatujakanyaga jani la kwanza, mkubwa kwa mdogo, wa hapa na wa mbali: ukipotea, nikuite vipi ndipo uitike?