Nilimvalisha Mtakatifu Koti

Naandika haya nimevaa sweta ya mama yake Kemunto, na kwa mara ya kwanza nashukuru bila kuuliza maswali. Mimi ndiye niliyebishana na chuo kizima kwamba mila ni hofu ya wazee tu.

Juzi nilikwenda kwao Nyaramba, kwenye vilima vya majani chai, kujitambulisha, maana nataka kumwoa Kemunto. Mimi nililelewa Kisabato, katika nyumba isiyo na picha ila kalenda. Wao ni Wakatoliki. Nilipoachwa peke yangu sebuleni, niliona ukutani nakala ya mchoro wa kale wa Ulaya: mtakatifu amefungwa mtini, mishale mwilini, kiunoni kitambaa kidogo tu.

Kwetu Wagusii, mtu na mama mkwe wake hawatazami uchi wakiwa pamoja. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu. Niliposikia mama anakuja, mila niliyoicheka ikanikaba. Nikavua koti, nikalitundika juu ya mtakatifu, nikaketi kama mtu mwema.

Mama aliingia na familia yote. "Tumshukuru Mungu kwa mgeni," akasema, na wote wakaigeukia picha.

"Nani amemvalisha mtakatifu wangu?"

"Ni mimi, mama. Niliona si vizuri tumtazame hivyo, mimi na wewe."

Kemunto alificha uso. Mama alilitazama koti, akanitazama mimi, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Miaka yote kwenye baridi hii ya majani chai, hakuna aliyewahi kumhurumia. Mwachie tu, mwanangu. Wewe tutakutafutia sweta."