Madumu Manne ya Mama Ndeshi

Hadi leo naona aibu kupita Old Moshi. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya mbio za kwenda kwenye maporomoko ya maji, na kiangazi kilikuwa kimekausha mifereji yote. Mimi na mwenzangu mmoja tulipewa kazi ya kuandaa maji ya wakimbiaji. Nilipokuta madumu manne ya maji kando ya njia, nikadhani mwenzangu ameshayaleta. Laiti ningeuliza!

"Jimwagieni jamani, msibanie!" niliwaambia wenzangu, nikajimwagia dumu zima kichwani.

Mara akatokea zizini mama mmoja mjane, Mama Ndeshi, na ndoo tupu.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia huku nachuruzika.

"Marahaba, mwanangu." Akayatazama madumu yake, yote manne sasa matupu. "Nimeyabeba tangu alfajiri. Ng'ombe wangu amezaa leo. Sasa nitamnywesha nini?"